Kichupa cha SOD2 na hela iliyoondoka

Kichupa kilifika Ijumaa saa kumi jioni, boksi limebaki na barafu kavu kama konzi moja hivi. Siku sita lilikuwa linasubiri makaratasi ya forodha. Nilikuwa na haraka ya kukiona kitu tulichokingoja miezi miwili, nikafungua kifuniko, nikachungulia: hamna kitu. Nikakigongagonga mezani kama mtu anayetafuta sukari ya mwisho kwenye kopo. Ndipo nikaona ukungu mweupe umeng'ang'ania kifuniko, na mwingine uko kwenye glavu yangu. Mikrogramu 100 za protini ya binadamu, bei karibu na mshahara wangu wa mwezi, na sehemu yake nimeshaipangusa kwa tishu.

Kwa hiyo, kama na wewe umeagiziwa protini ya mitokondria (vile vijiwanda vya nishati ndani ya seli) iliyotengenezwa kwenye bakteria, na kichupa kiko mkononi, kiweke kwanza kwenye sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha kwa kasi. Nusu dakika inatosha. Unga unashuka chini, ndipo unafungua.

Protini yetu ilikuwa SOD2. Mitokondria inapotumia oksijeni kutengeneza nishati, elektroni chache huponyoka, zinadandia oksijeni na kuzalisha superoksidi, molekuli korofi kwelikweli. SOD2 huzichukua molekuli hizo mbili mbili na kuzigeuza kuwa oksijeni na peroksidi ya hidrojeni, ambayo vimeng'enya vingine vinaimaliza. Panya waliozaliwa bila jeni hii walikufa wakiwa bado wachanga, kwa hiyo si kitu cha mapambo.

Wanafunzi wengi huja wakiamini kwamba protini ya mitokondria inatoka kwenye DNA ya mitokondria. DNA ile inatoa protini 13 tu. SOD2 maagizo yake yako kwenye kromosomu ya 6, ndani ya kiini. Inatengenezwa nje ikiwa na asidi amino 222, na 24 za mwanzo ni anwani tu, za kuipeleka ndani ya mitokondria. Ikishafika, anwani inakatwa, zinabaki 198. Ukiagiza, angalia umeuziwa ipi. Kuna wanaouza ndefu yenye anwani yake, na hiyo siyo inayofanya kazi ndani ya mitokondria yako wewe. Mimi nataka ile ya 198.

Kichupa cha pili tulinunua kwingine, kwa bei nafuu. Hapo ndipo tulipopotezewa wiki tatu.

Dada mmoja wa uzamili ndiye aliyekuwa nayo. Akaipitisha kwenye jeli, inayotenganisha protini kwa uzito, akanijia uso umemshuka. "Kaka, hii siyo yenyewe. Inatakiwa kilodaltoni 22, hii iko kwenye 25." Nikamwambia asihangaike, ina mkia wa histidini, ule unaoongezwa ili kurahisisha kuisafisha, na viungio vyake pale mwanzoni, lazima uzito upande kidogo. Mstari wenyewe ulikuwa mmoja, mweusi, safi kama umechorwa kwa rula. Tukafurahi. Tukapima utendaji wake: sifuri.

Kipimo tulichotumia ni kile cha McCord na Fridovich cha mwaka 1969, wale wa Chuo Kikuu cha Duke waliokigundua kimeng'enya cha aina hii. Kimeng'enya kiitwacho zanthini oksidesi kinatengeneza superoksidi, superoksidi inabadilisha saitokromu c, protini yenye rangi, wewe unaangalia mwanga wa nanomita 550 unavyozidi kufyonzwa. Ukiweka SOD hai, mwendo unapungua. Kiasi kinachoupunguza nusu ndicho yuniti moja. Sisi tulikuwa tunaweka, mwendo uko vilevile. Tukalaumu zanthini oksidesi, tukanunua nyingine. Tukalaumu pipeti. Mimi nililaumu hata maji.

Mwisho tukaenda kwa mzee.

"Shikamoo, Prof."

"Marahaba. Karatasi yake mmeisoma?"

"Tumeisoma."

"Mmeisoma, au mmeiangalia?"

Tulikuwa tumeiangalia. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa kwamba inafaa kwa jeli na kwa kupima antibodi. Kuhusu utendaji, hakuna neno. Tulipowaandikia waliotuuzia wakajibu kwa adabu kabisa kwamba utendaji haukupimwa, kwa kuwa bidhaa haikukusudiwa kwa kazi hiyo. Hawakutudanganya. Tulijidanganya wenyewe kwa kudhani kwamba usafi ni uhai.

Na kwa SOD2 tofauti hiyo ni kubwa kuliko kwa protini nyingi. Ndani ya kila kipande chake kuna chembe moja ya manganisi, na ndiyo inayofanya kazi yote. Bakteria anayetumika kuitengeneza, E. coli, ana chuma tele kuliko manganisi. Usipomlisha manganisi, atachomeka chuma mahali pake. Protini inajikunja vizuri, vipande vinne vinaungana kama kawaida, kwenye jeli inapendeza, na haifanyi kazi. Ni kama gari lililopakwa rangi mpya na chini ya boneti wameweka injini ya jenereta. Siwezi kuapa kwamba cha kwetu kilikuwa na chuma, kwa sababu hatukuwa na mashine ya kupima metali. Lakini tukaamua kutengeneza ya kwetu.

Hapo tulifanya makuzi mawili sambamba. Chupa moja tukaiwekea kloridi ya manganisi, milimola 1, wakati wa kuwaamsha bakteria waanze kutengeneza. Nyingine hatukuweka kitu. Siku ya kuzikamua zikaonekana tofauti hata kabla ya kipimo: ile ya manganisi, tulipoibana ikawa nzito, ilikuwa na rangi ya waridi hafifu, kama maji yaliyosuuziwa glasi ya juisi ya rozela. Nyingine haikuwa na waridi hata chembe. Dada aliibeba kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuzageuza, akacheka peke yake.

Ila msikimbilie kusherehekea, maana kuna mitego miwili hapo. E. coli mwenyewe ana SOD zake, ikiwemo ya chuma na ya manganisi. Kwa hiyo lazima uwe na bakteria wenye plasmidi tupu (kile kipete cha DNA cha kubebea jeni, ila bila jeni ya SOD2), uwapitishe njia ileile ya usafishaji, upime na wao. Tusingefanya hivyo tungeandika sifa za bakteria kwenye tasnifu ya binadamu. Na mtego wa pili ni manganisi huru iliyobaki kwenye bafa, yaani maji ya chumvi yanayotunza protini. Ikiwa kwenye fosfeti inaondoa superoksidi yenyewe, bila protini yoyote, kwa hiyo kipimo kinakuonyesha uhai ambao haupo. Osha protini yako vya kutosha, na weka EDTA, kemikali inayonasa metali, kidogo kwenye kipimo iikamate manganisi iliyobaki.

Kwenye kuhesabu nako watu wanaumia. Miligramu 1 kwa mililita, ikiwa na mkia wake, ni kama mikromola 40 ukihesabu kipande kimoja kimoja, na 10 ukihesabu vinne kwa pamoja. Andika kwenye daftari umehesabu vipi, maana baada ya miezi sita hutakumbuka, na atakayekurithi ataweka mara nne ya kinachotakiwa.

Kuhifadhi ni jambo la siku ileile. Ukishaiyeyusha, igawe palepale kwenye vichupa vya mikrolita 10, kila kimoja cha kutumika mara moja tu, ugandishe. Kurudisha kilekile kwenye friza kila ukimaliza ni kuiua taratibu. Ikiwa nyepesi sana inashika kwenye plastiki, hivyo tunaiongezea albumini kidogo, protini nyingine ya kuikinga, isipokuwa kwa kazi ambayo albumini ingevuruga kipimo.

Na umeme, tunaufahamu. Friza yetu ina chupa za maji zilizogandishwa pembeni zote, vichupa vya protini viko katikati. Juu tumeweka kikombe cha barafu na sarafu ya shilingi mia mbili juu yake. Ukikuta sarafu imezama chini, ujue usiku barafu iliyeyuka ikaganda tena wakati wewe umelala, na usimwamini mtu anayekwambia ni salama. Imezama mara moja mwaka huu. Tulitupa vichupa vinane, tukabaki na kumi na vitano, vile vilivyokuwa katikati ya friza nyingine. Dada amevitia alama ya waridi kwenye kifuniko kwa kalamu yake ya kucha.