Kwa nini usome historia wakati ulitaka kompyuta

Mdogo wangu, unauliza kwa nini chuo kilichokupa nafasi Marekani kinakulazimisha kusoma historia na sanaa wakati wewe unataka kompyuta. Vyuo vidogo vya aina hiyo, vinavyoitwa "liberal arts" (elimu pana), vinakupokea kwanza. Somo kuu unalitangaza baadaye, mara nyingi mwishoni mwa mwaka wa pili. Sisi tuliotoka PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) tukapangiwa programu ya shahada moja kwa moja lazima tushtuke.

Ila masharti hayafanani. Williams, chuo cha jimbo la Massachusetts, wanataka angalau kozi 3 katika kila kundi: lugha na sanaa, masomo ya jamii, sayansi na hisabati. Amherst, nao wako Massachusetts, wanakudai semina ya mwaka wa kwanza na somo kuu lako. Zilizobaki katika zile kozi 32 za kuhitimu unajichagulia. Chuo cha St. John's (kile cha Annapolis na Santa Fe) ndio kabisa! Wote mtaala mmoja, Kigiriki cha kale kikiwemo, utake usitake. Kwa hiyo usisikilize ya "vyuo vya Marekani", soma masharti ya chuo chako.

Usiyaache ya lazima hadi mwaka wa nne, utakuta darasa limejaa au linagongana na maabara. Kozi ya uandishi ichukue mapema, maana insha utaandika hata kwenye sayansi. Na mwulize mshauri wako kama matokeo ya kidato cha sita yanakupunguzia chochote. Kuna vyuo vinakubali, vingine hawataki hata kusikia.