Kontena la LXC kugoma kuwaka kwa imeji ya diski

LXC (programu ya kuendesha kontena za Linux) ikigoma kuwasha kontena ambalo mfumo wake uko kwenye imeji ya diski, tatizo ni jedwali la patisheni, yaani orodha iliyo mwanzoni mwa diski inayoonyesha sehemu zake. Ukiandika `lxc.rootfs.path = loop:/var/lib/lxc/web/diski.img`, LXC inalifunga faili zima kwenye kifaa cha loop (kinacholifanya faili lionekane kama diski) na kutarajia mfumo wa mafaili uanzie baiti ya kwanza. Imeji iliyotoka kwenye mashine pepe huanza na jedwali la patisheni, kwa hiyo mount (kuunganisha mfumo wa mafaili ili utumike) inashindwa.

Hakikisha kwanza: `fdisk -l diski.img`. Ukiona patisheni ya mzizi inaanzia sekta ya 2048, basi mfumo wa mafaili uko baiti 1048576 ndani (2048 × 512). Zima kila kinachotumia imeji hiyo, kisha ikate, yaani toa patisheni hiyo pekee iwe faili lake, `mzizi.img`:

`dd if=diski.img of=mzizi.img bs=512 skip=2048 count=N`

N ni idadi ya sekta kwenye safu ya Sectors, siyo ile ya End. Wengi huteleza hapo. Kama ni ext4, pitisha `e2fsck -f mzizi.img` kabla ya kubadilisha njia ya `lxc.rootfs.path` kwenye config ielekee `mzizi.img`.

Bado inagoma? `lxc-start -n web -F -l DEBUG -o /tmp/web.log`, usome mistari inayotaja mount.

Angalizo: hii ni kwa kontena linaloendeshwa na root (msimamizi mkuu wa mfumo). Kontena la mtumiaji wa kawaida haliwezi, maana keneli hairuhusu ext4 ifanyiwe mount ndani ya user namespace (eneo lililotengwa ambamo kontena la aina hiyo huendeshwa). Hapo tumia saraka ya kawaida badala ya imeji. Kama hutaki kukata imeji, `systemd-nspawn --image=`, programu nyingine ya kuendesha kontena, inasoma yenyewe jedwali la patisheni la aina ya GPT.