Mchicha wa kwenye ndoo unaungua kingo: ni mbolea au ni maji?

Swali: Naishi nyumba ya kupanga Shangani, Mtwara mjini. Uani ni sakafu tupu na kipande cha mchanga. Mwezi wa pili nilipanda mchicha kwenye ndoo na viroba, tukala hadi tukawagawia majirani. Tangu mwezi wa sita kila nikipanda unaota vizuri, ukifika urefu wa kiganja majani ya chini yanageuka kahawia pembeni na kukauka kama yamebabuliwa. Nimeongeza mbolea ya kuku kila wiki, nimenyunyiza majivu, ndiyo kwanza hali inazidi. Namwagilia kidogokidogo asubuhi na jioni kwa maji ya kisima cha jirani, maana bomba halitoki kila siku. Nakosea wapi? Na nipande nini mwaka mzima bila gharama kubwa?

Jibu: Dada, kabla ya yote kaziangalie ndoo zako kwa nje, pale kwenye matundu, kisha juu ya udongo pembezoni. Nina hakika utakuta utando mweupe kama unga wa muhogo uliogandia. Usiulambe kuhakikisha, umo na mbolea ya kuku. Hiyo ni chumvi, na ndiyo inayounguza mchicha wako.

Majani yenyewe yanasema. Mchicha ukikosa chakula, jani la chini hufifia lote na kuwa njano toka shina hadi ncha. Ukikosa maji, hunyong'onyea saa saba mchana, ukiumwagilia jioni unainuka. Lakini jani linalokauka ukingoni huku katikati bado ni kijani, tena yakianza makubwa ya chini, hapo mmea umevuta chumvi na kuisukuma hadi mwisho wa jani, ikakosa pa kwenda.

Bila shaka umeshaona mashamba ya chumvi ya pwani yetu. Wanaingiza maji ya bahari kwenye vibwawa, jua na upepo vinakausha maji, chumvi inabaki. Ndoo yako ni kibwawa cha namna hiyo, kidogo tu. Mwezi wa pili mvua ilikuwa inakuoshea udongo bila wewe kujua. Kusi ilipoanza mambo mawili yakaja pamoja: mvua ikakatika na upepo mkavu ukawa unanyonya maji kwenye udongo siku nzima. Na visima vya karibu na bahari huzidi chumvi kiangazi, kwa sababu maji matamu ya mvua yaliyoelea juu yanapungua na ya chumvi yanapanda. Kila kikombe unachomwaga kinaacha chumvi yake. Kumwagilia kidogokidogo ndiko kubaya zaidi, maana maji hayafiki chini yakatoka.

Mbolea ya kuku na majivu navyo vina chumvi zake, hasa mbolea ikiwa mbichi. Kwa hiyo umekuwa ukimlisha mgonjwa kile kilichomlaza. Sikulaumu, mwaka wangu wa kwanza Mikindani nilikausha ndoo sita za bamia hivyohivyo, na mimi ndiye nilikuwa bwana shamba.

Ukitaka kuhakikisha, chukua sahani mbili. Moja weka maji ya kisima, nyingine maji ya bomba, kiasi sawa, ziache juani mpaka zikauke. Tazama kinachobaki.

Sasa dawa. Acha mbolea na majivu kabisa kwa sasa. Siku bomba likitoka, mwagia kila ndoo maji matamu polepole hadi yatoke chini, subiri, rudia. Ndoo ya lita 20 inataka kupitishiwa maji lita 20 hadi 40 ndipo isafike. Najua ni mengi. Kama huyapati, osha ndoo mbili tu upande hizo, na udongo wa zilizobaki utandaze uani usubiri mvua za mwezi wa kumi na mbili, usiutupe. Baada ya hapo, hata ukirudia maji ya kisima, mwagilia mara moja kwa siku lakini mpaka yachuruzike chini. Ndoo yenye mchicha uliostawi hunywa kama lita 1 siku ya upepo. Wewe mpe moja na nusu, hiyo nusu ndiyo inayotoka na chumvi.

Yote haya hayafai kitu kama matundu hayako mahali pake. Kuna wanaofundisha kutoboa ndoo ubavuni, vidole vinne juu ya kitako, ili maji yabaki chini kama akiba. Kwa maji matamu ni ushauri mzuri. Kwa maji ya kisima chako, ile akiba inageuka magadi. Toboa kitako chenyewe, matundu manane au kumi kwa msumari uliopashwa moto, na ndoo ikalie mawe matatu isigande sakafuni.

Kuna maji mengine ya bure ambayo watu wanayaacha yamwagike. Yanayodondoka kwenye kiyoyozi karibu hayana chumvi kabisa, kwani ni unyevu wa hewa uliopozwa ukageuka maji. Kama jirani au ofisi ya karibu wanacho, omba uweke ndoo chini ya bomba lake. Maji ya kuoshea mchele ni mazuri. Ya kuoshea samaki hapana, na ya kufulia hapana, sabuni ina magadi.

Udongo ukianza upya, usichote mchanga wa ufukweni. Changanya ndoo mbili za udongo wa shambani na ndoo moja ya samadi ya ng'ombe au mbuzi iliyooza hadi haina harufu. Ongeza nusu ndoo ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yanashika maji vizuri sana. Ila yaloweke kwanza kwenye maji matamu, umwage, uloweke tena, kwa sababu yana chumvi ya asili. Yale yaliyokwisha kufukiwa ufukweni kwa ajili ya kamba yaache huko huko.

Kuhusu cha kupanda: kwa maji yako, kiangazi hiki jaribu spinachi. Hii tunayoiita spinachi sokoni ni ndugu wa bitiruti, na babu yao wa mwituni huota kandokando ya bahari huko Ulaya, hivyo chumvi wanaivumilia kuliko mboga nyingi. Kila mbegu ni kifundo chenye miche miwili mitatu. Acha mmoja, mingine kula. Baada ya wiki sita hadi nane unaanza kuchuma majani ya nje, na shina hilo hilo likikulisha miezi kadhaa. Kunde za majani nazo hujitahidi. Maharage, karoti na vitunguu usihangaike navyo, vinakufa wa kwanza.

Nyanya na pilipili ni za kusi pia, lakini kwa ndoo zinazopata maji ya bomba. Ukizipanda masika, ukungu unazimaliza. Masika panda matembele, bamia, mlenda, mchicha wako. Hapo mvua inafanya kazi yote. Vipando vya matembele havinunuliwi, mwombe mama wa genge mashina aliyokwisha kuyachuma majani. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja, joto likipanda na maji yakiadimika, mimi huwa napumzisha ndoo na kuozesha mboji. Ndio wakati wa mabibo, yamejaa kila mahali. Tabaka la mabibo, tabaka la majani makavu, funika nzi wasizae. Maganda ya korosho yenyewe usiweke, yana mafuta yanayobabua ngozi ya mikono yako, sembuse mizizi.

Jambo la mwisho, mahali pa kuweka. Kusi inatoka kusini-mashariki, na kwa ulipo inakuja na manyunyu ya chumvi ya bahari. Mwezi wa sita hadi wa nane jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini wa nyumba unakupa vyote viwili, jua na kinga ya upepo. Sogeza ndoo huko leo, zikingwe na kipande cha makuti upande wa mashariki. Mwezi wa kumi na mbili jua likihamia kusini, zirudishe uani penye mvua, lakini mvua ya kwanza usiyakinge maji ya mifereji ya bati: yale yanashuka na vumbi na chumvi ya miezi sita. Kuanzia ya pili, kinga pipa. Paa la mita 10 za mraba, mvua ya milimita 20 inakujazia pipa la lita 200. Lifunike, mbu wa dengi hupenda maji safi kama hayo.