Maswali ya wasomaji: Mafuta yanakaaje katikati ya maji bila kuachana?

SWALI: Habari za kazi. Mi niko kidato cha tano, tumesoma kwamba utando wa seli ni mafuta tabaka mbili. Sasa ndani ya seli kuna maji, nje maji, na hayo mafuta hayajagandishwa na kitu chochote, kwa nini yasiachane seli ikavuja? Afu kama kolesteroli ni mbaya hivyo tunavyosikia, mle kwenye utando inafanya nini?

JIBU: Nianze na hilo la kwanza maana ndo lenye utamu. Gundi hamna kweli, kinachoushika utando ni hayohayo maji unayoyaogopa. Fosfolipidi, yaani molekuli moja ya hayo mafuta ya utando, ina kichwa chenye fosfeti kinachopenda maji, na mikia miwili ya mafuta isiyoyataka kabisa, kwa hiyo ukizitia kwenye maji mikia inakimbilia katikati na vichwa vinabaki pande zote mbili, tayari una tabaka mbili na hakuna aliyezipanga. Tundu dogo likitokea linajiziba, kwani kuliacha wazi ni kuiacha mikia ikigusana na maji. Na ni nyembamba mno, kama nanomita 5 hivi, yaani upange 20,000 ndo upate milimita 0.1.

Hizo tabaka mbili zilijulikana mwaka 1925, Waholanzi Gorter na Grendel walitoa mafuta kwenye chembe nyekundu za damu wakayatandaza juu ya maji, eneo likaja kama mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. (Kumbe mafuta hawakuyatoa yote, na eneo la chembe nalo walilipima dogo kuliko lilivyo, makosa mawili yakafutana jibu likatoka sahihi! Sayansi nayo ina bahati zake.)

Ila usiufikirie kama ukuta umesimama tuli. Ni kimiminika, molekuli zinateleza kando kwa kando muda wote, na protini nyingi zinaelea humohumo. Mwaka 1970 Frye na Edidin waliunganisha seli ya panya na ya binadamu zikawa moja, protini za kila upande wakazitia rangi yake, na kwenye nyuzi 37 ndani ya dakika 40 zilikuwa zimechanganyika kila mahali. Walipoipooza sana, mchanganyiko ukakwama.

Hapo sasa ndo kolesteroli inaingia. Inajichomeka katikati ya fosfolipidi, kukiwa na joto inazibana zisiteleze ovyo, kukiwa na baridi inazitenganisha zisijipange zikaganda. Kwenye utando wa nje wa seli za wanyama inaweza kukaribia kulingana kwa idadi na fosfolipidi zenyewe, yaani si mgeni mle. Mwili wako unaitengeneza wenyewe, hasa kwenye ini. Ile mnayotishwa nayo ni iliyozidi kwenye damu, inayosafirishwa na chembe za LDL (vifurushi vya mafuta na protini) na kujikusanya kwenye kuta za mishipa, hiyo ni kesi nyingine kabisa na mi naona inaonewa inapohesabiwa kama sumu tu. Samaki wa maji baridi wao wanaongeza pia mafuta yenye mikia iliyopinda, isiyolaliana vizuri, ndo maana tando zao hazikakamai.

Kitu kimoja cha mtihani kabla sijakuachia. Wengi wanaandika kwamba vitu vidogo vinapita na vikubwa havipiti, hapo maksi zinaondoka. Oksijeni na kaboni dioksaidi zinapita zenyewe, sawa, lakini ayoni ya sodiamu ni ndogo kuliko glukosi na bado haipiti, kwa sababu ina chaji na pale katikati ni mafuta matupu. Sodiamu na glukosi zote zinahitaji protini ya kuzipitisha, na kuitoa sodiamu ndani ya seli kwenda nje kunalipiwa kabisa: pampu inatoa sodiamu 3, inaingiza potasiamu 2, kila mzunguko unakula molekuli moja ya ATP, ile inayobeba nishati ya seli.