Muulize Fundi: AC ya Van ya Umeme Inakula kwa Saa, Si kwa Kilomita

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwokaji wa Kisauni, Mombasa. Mwezi wa Januari nilinunua van ya umeme iliyotumika kutoka Japani, Nissan e-NV200 ya betri ya yuniti 40 za umeme. Napeleka keki na mikate Nyali, Bamburi mpaka Mtwapa. Nikibonyeza AC tu, kilomita za kwenye dashibodi zinaruka kutoka 160 hadi 135. Mume wangu ataka niizime kabisa, nifungue madirisha. Halafu wiki tatu zilizopita baridi ilipungua, nikajaziwa gesi na fundi mmoja. Siku ya nne AC ikafa, taa ikawaka kwenye dashibodi na gari likakataa kuwaka. Nimekosea wapi?

Marahaba, mwanangu. Hukukosea popote. Nitaanza na kugoma kwa gari kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Hesabu ya kilomita tutaifikia.

Kabla sijagusa gari lolote nilikuwa fundi wa mafriji, miaka tisa, kwenye maduka ya samaki ya Mji wa Kale. Kompresa ya friji ni kama kitungi cha chuma kilichofungwa pande zote. Mota imo humo ndani, imezungukwa na gesi na mafuta yaleyale yanayopita kwenye mabomba. Nilipohamia kwenye magari nikakuta mambo tofauti: kompresa inazungushwa na mkanda wa injini, na umeme iliouhitaji ni wa klachi tu, volti 12. Sasa van yako haina injini wala mkanda, kwa hiyo waundaji wamerudi kwenye mtindo wa friji. Mota ya kompresa imo ndani, na inakula umeme wa betri kubwa, mamia ya volti. Mafuta yanayolainisha kompresa hiyo yanaziogesha nyaya za mota muda wote inapofanya kazi. Lazima yawe mafuta yasiyopitisha umeme, yale ambayo mafundi tunayaita POE. Magari mengi ya petroli na dizeli yanatumia mafuta mengine, PAG, ambayo hunyonya unyevu wa hewa na kupitisha umeme.

Gari lako sijaliona, lakini kwa dalili ulizoandika, hapo ndipo ningeanza kutafuta. Huenda fundi aliongeza PAG kwa mazoea. Na hata kama hakuongeza tone, mashine ya kujazia gesi iliyotoka kuhudumia matatu tano asubuhi ile hubaki na PAG ndani ya mipira yake, na kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu. Umeme ukianza kuvuja kutoka kwenye mota ya kompresa kwenda kwenye bodi, gari linahisi. Lina kipimo kinachoangalia uvujaji huo kila wakati, na likiuona linawasha taa na kukataa kuondoka. Lilipogoma lilikuwa linakulinda wewe na kila anayeshika milango yake.

Kwa hiyo usijaribu kuliwasha tena. Lipelekwe kwa karakana yenye fundi aliyefunzwa umeme mkubwa, na mtu mwingine yeyote asiguse nyaya za rangi ya chungwa, maana rangi hiyo ndiyo alama ya volti za kuua. Mwombe apime uvujaji kompresa ikiwa imeunganishwa, kisha aitenganishe apime tena. Uvujaji ukiisha pale anapoitenganisha, mwizi amepatikana. Sitakuficha, matengenezo yake si rahisi. Kwa kawaida kompresa hubadilishwa, na baadhi ya watengenezaji huagiza karibu mfumo wote ubadilishwe kwa sababu PAG ikishaingia kwenye mabomba haitoki kirahisi. Jambo hili linanikera sana. Tumewafundisha vijana wengi kujaza gesi, lakini hatukuwaambia kwamba magari yamebadilika.

Tena muulize, ile gesi ya kwanza ilikwenda wapi? Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya taa kwenye kibatari. Inazunguka ileile miaka na miaka. Ikipungua sana, kuna mahali inavuja, na anayekujazia bila kutafuta tundu amekuuzia wiki chache tu. Chini ya boneti kuna kibandiko chenye aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Gesi ipimwe kwa mizani kufuata kibandiko hicho, isikisiwe kwa kugusa bomba.

Sasa tuje kwa baba watoto, anayetaka uzime kabisa. Katika van ya aina yako AC haikuwekwa kwa ajili ya dereva peke yake. Betri iko chini ya sakafu, na hupozwa kwa hewa ya baridi inayotoka kwenye mfumo huohuo wa AC. Van nyingine mpya zaidi hupitisha maji maalumu ndani ya betri, na maji hayo nayo hupozwa na gesi ya AC. Betri za lithiamu hupenda joto linalompendeza binadamu, kati ya nyuzi 15 na 35 hivi. Zikipikwa mara kwa mara huzeeka upesi. Fikiria mchana wa kaskazi, mwezi wa Februari, umetoka Mtwapa na betri ishapata moto, kisha unaichomeka kwenye chaja ya haraka. Wakati huo ndipo betri inapoihitaji hiyo baridi kuliko wewe. Mpaka mfumo utengenezwe na kupimwa, gari lipumzike.

Na kilomita? Hapa nataka uache kuhesabu kwa kilomita, uhesabu kwa saa. Magurudumu yanakula umeme gari likitembea. AC inakula gari likitembea na likisimama, sawasawa. Ukiingia kwenye gari lililoshinda juani, dakika kumi za kwanza kompresa inaweza kuvuta kilowati 3 na zaidi. Ndani kukishapoa inashuka, kilowati 1 hadi 1 na nusu, ikitegemea jua na watu waliomo. Mwaka jana niliazimwa van kama yako kwa siku tatu. Nikakaa nayo kwenye foleni ya feri ya Likoni saa moja na dakika kumi, AC kiwango cha pili, magurudumu yamelala. Betri ilikuwa asilimia 64, ikafika 60. Ni kama yuniti moja na nusu, zile yuniti za tokeni unazonunua nyumbani: kilowati 1 ikivutwa kwa saa nzima ni yuniti moja.

Yuniti moja inakupeleka kilomita 5 hivi. Basi zile kilomita 25 zinazopotea kwenye dashibodi ni yuniti 5, yaani saa nne za AC ikiwa imetulia. Kompyuta ya gari inakisia tu kwamba utaendelea hivyo mpaka betri iishe. Ukienda Mtwapa kwa dakika arubaini barabara ikiwa wazi, AC itakuwa imekula kilomita 5 au 6. Ukinasa saa mbili, itakula kilomita 15 hata kama umesogea mita mia tatu.

Mzee wako ana haki kwa upande mmoja. Kwenye vichochoro vya Kisauni, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, fungua madirisha, hakuna hasara. Ukishafika mwendo wa 80 upepo unaoingia unalivuta gari nyuma na betri inalipa.

Kuna adui mwingine huku kwetu ambaye hatajwi vya kutosha: unyevu. Yale maji yanayodondoka chini ya gari ni mvuke wa Bahari ya Hindi uliogeuzwa maji kwenye koili ya baridi. Kila lita inayodondoka imebeba joto la karibu yuniti 0.7, ambalo kompresa imelazimika kulihamisha. Bahati ni kwamba kompresa hulihamisha tu, kwa hiyo hulipia kama theluthi yake. Bonyeza kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya picha ya gari ili AC ipoze hewa iliyokwisha kupozwa na kukaushwa, badala ya kuvuta upya ile ya nje. Kila baada ya muda ruhusu hewa ya nje kidogo, usije ukasinzia.

Na asubuhi, kabla ya kuchomoa waya wa chaja, washa AC dakika kumi na tano. Ile kazi kubwa ya mwanzo ilipwe na umeme wa ukutani, wewe utoke na betri iliyojaa. Keki za krimu ziweke kwenye sanduku lenye vipande vya barafu. Nyuma mna nafasi ya zaidi ya mita 4 za ujazo, na kuipoza yote kwa ajili ya masinia matatu ni kumwaga tokeni. Kama hakuna ukuta nyuma ya kiti chako, tundika pazia zito la plastiki.

Jambo Fundi. Mimi ni Mkongomani wa Bukavu, naishi Oslo, nagawa vifurushi kwa van ya umeme. Wakati wa joto nafika kilomita 250. Baridi ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri nafika 160 tu. Gari la mwenzangu lina pampu ya joto, langu halina. Joto linatoka wapi wakati nje ni barafu tupu?

Jambo sana, ndugu yangu. Katika gari la dizeli, zaidi ya nusu ya mafuta yanageuka joto lisilosukuma gari, na heater inachota humo bila malipo. Mota ya umeme haipotezi hata sehemu ya kumi, kwa hiyo hakuna joto la bure. Gari lako lina kipashio kama cha pasi ya nguo: yuniti moja ya umeme, yuniti moja ya joto. Kinaweza kuvuta kilowati 5 katika baridi hiyo, na katika saa nane umeona mwenyewe kinachobaki.

Pampu ya joto ni AC iliyogeuzwa: badala ya kutoa joto ndani na kulimwaga nje, inalitoa nje na kulileta ndani. Siri iko kwenye gesi. Maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini gesi ya R134a, ikiwa haikugandamizwa, huchemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri. Kwake yeye, hewa ya nyuzi 5 chini ya sifuri ni moto wa kutosha kumchemsha. Inachemka, inabeba joto hilo, kompresa inaibana mpaka inapata moto kabisa, kisha joto linapuliziwa miguuni mwako. Katika baridi ya wastani yuniti moja ya umeme inaleta mbili au tatu za joto. Kadiri nje inavyokaribia hizo nyuzi 26 ndivyo faida inavyopungua, na kipashio cha kawaida huwashwa kusaidia. Kwa hiyo mwenzako anakushinda sana mwezi wa Novemba, lakini kwenye baridi kali ya Januari tofauti yenu inakuwa ndogo. Baadhi ya magari ya Ulaya yanatumia kaboni dioksaidi badala yake, R744, inayostahimili baridi zaidi.

Lakini kazi yako ni ya kufungua mlango mara mia kwa siku, na kila ukifungua, hewa uliyoipasha inakwenda barabarani. Acha kupasha hewa, pasha mwili. Kiti na usukani wenye joto kwa pamoja havifiki wati 200, na kilowati 5 ni mara 25 ya hizo. Heater iweke chini kabisa, vaa vizuri, na hakikisha mlango wa ukuta unaotenga sehemu ya mizigo unabaki umefungwa. Ila kioo kikianza kuingia ukungu, washa AC hata kama nje ni theluji, kwa sababu ndiyo inayokausha hewa.

Alfajiri pasha gari likiwa bado kwenye chaja, hasa betri yenyewe, kama gari lako linaweza. Betri baridi haipokei vizuri umeme unaorudi ukipunguza mwendo, wala chaja ya haraka. Kuilazimisha kupokea umeme mwingi ikiwa chini ya sifuri huifanya lithiamu igande juu ya uso wa ndani wa betri, na uwezo huo haurudi. Gari linapokuchajia polepole asubuhi ya baridi, liache.

Fundi, mimi hupeleka mboga soko la Wakulima, Nairobi, kwa van ya umeme ya tajiri wangu. Nafika saa nane usiku, nangoja mpaka alfajiri. Mwezi wa Julai baridi inaniua. Naogopa kulala na heater imewashwa, kwani nimemzika rafiki aliyelala ndani ya gari la petroli likinguruma.

Pole sana kwa kumpoteza rafiki yako. Hofu yako ni ya haki. Aliyeuawa hivyo huuawa na hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, itokayo kwenye moshi wa injini, na haina harufu ya kukuamsha. Van ya umeme haina injini wala bomba la moshi, kwa hiyo heater yake haitoi sumu hiyo. Kwa saa tatu za baridi ya Nairobi, ikiwekwa chini, itakula yuniti 3 hivi. Mwambie tajiri wako mapema ili muipange kwenye hesabu ya safari ya kurudi, na uangalie kama gari lenu hujizima lenyewe baada ya muda likiwa limesimama.

Ila uliza pia nani yuko jirani yako. Ukipaki nyuma ya lori linalonguruma, feni yako itavuta moshi wake na kukuletea ndani. Tafuta nafasi mbali na malori, ufungue dirisha upana wa kidole. Na ukiona wenzako wanaingiza jiko la makaa nyuma ya gari ili walale na joto, waamshe na ulitoe nje, hata kama limebaki majivu yenye wekundu kidogo.