Ploti ya mama, Dandora

Swali la wiki hii lilikuwa: nyumba za bei nafuu zikijengwa jirani nawe, mtaa utafaidika au utaharibika? Mimi nimelelewa ndani ya nyumba kama hizo, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Mwaka 1975 serikali ya Kenya, Baraza la Jiji la Nairobi na Benki ya Dunia walikubaliana kupima ploti 6,000 Dandora, mashariki mwa Nairobi, kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Mtu hakukabidhiwa nyumba. Alipewa kiwanja chenye choo, bafu, maji na bomba la majitaka, vyumba akajijengea. Mama, aliyekuwa akiuza mboga sokoni Gikomba, alipata ploti moja. Alianza na vyumba viwili vya mawe, kimoja chetu sisi watano, cha pili cha mpangaji, fundi cherehani na mkewe. Kodi ya fundi ilinunua mawe ya chumba cha tatu, na cha tatu kikajenga cha nne. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye vyumba hivyo, si kwenye mboga.

Kwa hiyo huniuma nikisikia watu wakisema, "Mpe maskini nyumba, ataipangisha arudi kwenye mabanda." Maneno hayo yalisemwa sana kuhusu wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, waliotolewa kwenye mabanda na kuhamishiwa magorofa ya serikali ya Lang'ata mwaka 2009. Wako waliokaa familia mbili au tatu katika nyumba moja, kila familia na chumba chake. Wakaambiwa hawana shukrani. Lakini kodi na stima hudaiwa kwa mwezi, na pesa ya kibarua huja kwa siku, tena siku nyingine haiji kabisa. Kwa mtu wa namna hiyo, kupangisha chumba ndiko kunakomwezesha kubaki katika nyumba. Ukimkataza, umemfukuza. Anayepanga mradi angeanza kwa kuuliza familia itapata wapi pesa tarehe tano ya kila mwezi, na mama mboga atatandika wapi biashara yake akiishi gorofa ya saba.

Kuhusu mtaa kuharibika, sikatai kwamba Dandora ina shida. Jaa kuu la Nairobi liliwekwa ubavuni mwetu miaka hiyohiyo ya 1970, na taka zinazomwagwa pale hutoka jiji zima, zikiwemo za mitaa inayotuogopa. Mabomba ya majitaka yalilazwa kwa ajili ya nyumba zisizo na ghorofa. Baadaye zikaota fleti juu yake na mabomba yakabaki yaleyale. Majitaka yakifurika barabarani, mpita njia husema watu wa huku ni wachafu. Mama alifagia mbele ya lango lake kila asubuhi maisha yake yote.

Tena wengi hudhani mpango wa sasa wa serikali wa nyumba za bei nafuu ni wa watu wa mabanda peke yao. Sheria ya mwaka 2024, ileile inayomkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri wake kiasi hichohicho, huwaweka wanaopata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi katika nyumba za jamii. Nyumba zinazoitwa za bei nafuu ni za wanaopata kuanzia hapo hadi 149,000. Humo mna walimu, wauguzi na makarani. Anayehofia majirani hao huenda yeye mwenyewe yumo katika kundi hilo.

Ninachokililia mimi ni nyumba za kupanga kwa kodi. Wakazi wengi wa Nairobi ni wapangaji, na wengi wao wana boma ushago. Hawatafuti kununua nyumba ya jiji na kuilipia mpaka uzeeni. Wanataka chumba kikavu, chenye choo kisichochangiwa na watu 30, kwa kodi ambayo haipandi kila Januari. Kwenye mikutano ya kupanga miradi nimesikia mengi juu ya funguo na umiliki, lakini juu ya kodi ya kudumu ni machache mno. Wapangaji wa mama walikaa miaka na miaka kwa sababu kodi yake haikuwa ya kuwashtua.

Yule fundi cherehani alihama mwaka 1998. Alikuwa amepata ploti Kayole, na chumba cha kwanza alichomaliza kujenga alikipangisha.