Mswada wako ukisomwa, funga mdomo

Kikundi chetu cha waandishi hukutana Jumamosi mchana, watu sita, kwenye hoteli ndogo karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu. Siku nilipopeleka mswada wangu wa kwanza wa tamthilia ya runinga, nilikuwa na kurasa 38 za kipindi cha nusu saa. Kabla hatujafungua ukurasa wa kwanza nikaanza kujitetea: "Jamani, mkumbuke huyu Adhiambo alifiwa na mama, halafu ile boti..."

Dada mmoja akanikatiza. "Na mtazamaji wa Ahero, utamfuata sebuleni umweleze hivyo?"

Nikanyamaza. Tangu siku hiyo ni sheria kwetu: mwenye mswada hasemi neno mpaka wote wamalize, na haruhusiwi kusoma hata mhusika mmoja. Wengine wanagawana sauti, wewe unashika kalamu. Utateseka, lakini sikio halikudanganyi. Kaka aliyemsomea Adhiambo alijikwaa mara mbili kwenye sentensi hii: "Mimi, dada yako mkubwa niliyekulea tangu mama afariki, sitakubali." Mara ya tatu meza nzima ikacheka. Nani huongea hivyo na mdogo wake? Sasa Adhiambo anamchotea mdogo wake omena kutoka kwenye gorogoro ya kuuza na kumuuliza, "Umekula?" Basi. Udada umeonekana.

Kosa kubwa lilikuwa kuchelewesha wizi wa boti. Iliibwa ufuoni Dunga ukurasa wa 9. Ukurasa mmoja ni kama dakika moja hewani, kwa hiyo nilimweka mtazamaji dakika nane akitazama machweo ziwani. Machweo mazuri, nakiri. Boti sasa inaibwa ukurasa wa 2.

Kwa wanaokosoa: sema ulipopotea, usitunge hadithi yako. Kuna mwenzetu ambaye kila mswada lazima autilie mchungaji mwizi. Aandike wake! Mwenzetu wa Nakuru ndiye aliyenifaa zaidi, maana hajui Kijaluo, na kila alipoachwa nyuma aliweka alama ya kuuliza pembeni. Sikuondoa Kijaluo chote. Nilihakikisha tu kwamba jibu linalofuata linabeba maana.

Halafu kulikuwa na onyesho la jaboya, mvuvi anayedai mwili wa mchuuzi ndipo ampe samaki. Nililiandika waziwazi mno. Kanuni za utangazaji hapa Kenya zinataka vipindi vya kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku vifae familia nzima, na tamthilia yangu naitaka saa 2 usiku. Mmoja akasema: funga mlango, tuone ndala za mchuuzi nje na beseni tupu. Limekuwa chungu kuliko nilivyoliandika mimi.

Ukiogopa kuibiwa, jua kwamba hakimiliki hulinda ulichoandika, si wazo lililo kichwani. Andika kwanza, sajili kazi yako kwa Bodi ya Hakimiliki, ndipo uigawe.

Juzi tumesoma toleo la tatu, kurasa 27. Ukurasa wa 19, mwenzetu wa Nakuru aliacha chai yake ikapoa. Nimeuwekea alama. Wa 23 akachungulia simu. Nao nimeuwekea.